Picha za Kentucky Derby zimeharibikia wapi? Mwongozo wa kusaka chanzo

Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi za Marekani, hukimbiwa mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Mei, kwenye uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville. Farasi wasiozidi 20, wote wa umri wa miaka mitatu, hukata maili moja na robo, yaani kilomita mbili hivi, kwa takriban dakika mbili. Rekodi ya farasi Secretariat ya mwaka 1973, dakika 1 na sekunde 59.4, haijavunjwa mpaka leo. Kwa mpigapicha wa habari hakuna marudio. Ukikosa, umekosa hadi mwakani.

Afadhali siku hiyo hiyo kuna mbio nyingine nyingi, na Derby yenyewe huja jioni, karibu na mwisho wa ratiba. Mbio za awali ndizo maabara yako. Karibu kila ugonjwa utakaokutesa jioni huwa umeshajionyesha mchana kwa mtu aliyefungua faili na kulikagua kwa ukubwa wake kamili. Wengi hawafungui. Wanaona picha mbovu kwenye kioo kidogo cha kamera, wanabadilisha mambo matatu kwa mpigo, na mbio inayofuata hawajui kipi kimeponya na kipi kimeongeza maradhi. Badilisha kitu kimoja, subiri mbio nyingine, kisha tazama tena.

Kamera ya chini ya uzio haikupiga hata fremu moja

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linalouma kuliko yote, na lina vyanzo vingi vinavyofanana kwa nje. Kamera hizi hulazwa asubuhi chini ya uzio wa ndani karibu na mstari wa kumalizia, zikitazama juu kidogo ili zipate farasi pamoja na ile minara miwili ya jukwaa. Mwenye kamera hukaa mbali na kuiamrisha kwa redio. Mbio zikishaanza huwezi kuifikia utakavyo, kwa hiyo lazima uchunguze ukiwa mbali.

Swali la kwanza: ulipobonyeza, taa ya redio inayopokea iliwaka? Elekeza lenzi yako ndefu kwenye redio hiyo na ubonyeze. Taa ndogo utaiona vizuri tu ikiwa uligeuza uso wa redio upande wako wakati wa kufunga. Kama hukugeuza, mwombe mwenzako aliye karibu akuangalizie.

Taa ikiwaka na kamera ikabaki kimya, ugonjwa uko baada ya redio. Mshukiwa mkuu ni usingizi. Kamera iliyoachwa saa kadhaa hujizima ili kuokoa betri, na amri ya kwanza ya redio huiamsha tu bila kupiga. Inapofumbua macho, farasi wameshapita. Ondoa kabisa muda wa kulala kwenye menyu, weka betri mpya au umeme wa nje, na hata hivyo piga fremu moja au mbili za kuiamsha kundi linapoingia kona ya mwisho. Mshukiwa wa pili ni fokasi. Ukiacha lenzi kwenye fokasi ya kujiendesha, kamera nyingi hukataa kupiga hadi zipate kitu cha kushika, na mbele yake hakuna ila hewa. Swichi ya lenzi iwe kwenye fokasi ya mkono, tena imefungwa kwa utepe wa gundi. Wa tatu ni waya kati ya redio na kamera. Mara nyingi plagi huwa imechomoka nusu, hasa pale mtu alipovuta mfuko wa plastiki ili kuziba mvua na waya nao ukavutika. Waya ufungwe kwenye mwili wa kamera kwa gundi, ukiachiwa kitanzi kidogo cha ulegevu kabla ya plagi.

Taa isipowaka, kosa ni la mawasiliano ya redio. Chaneli huwa zinalingana, kwani hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtu hukagua. Kinachosahaulika ni kwamba uwanja wa asubuhi si uwanja wa jioni. Asubuhi jukwaa ni tupu na mawimbi yanapita bila kizuizi. Jioni kati yako na kamera kuna maelfu ya miili, na mwili wa binadamu, ukiwa maji kwa sehemu kubwa, humeza mawimbi ya redio. Mwaka 2015 Derby ilihudhuriwa na watu 170,513. Jaribio lililofaulu alfajiri kwa shida kidogo litafeli jioni. Simamisha antena wima, usiiache imelala chini wala kujificha nyuma ya nguzo ya chuma, na ikiwezekana simama mahali ambapo unaiona kamera yako moja kwa moja. Kama huwezi kuiona, weka redio ya kupokezana katikati.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili inayochanganya watu. Unafungua kadi unakuta mamia ya fremu za mchanga mtupu, kisha kadi imejaa kabla ya farasi kufika. Hiyo si hitilafu ya kamera. Mtu mwingine yuko kwenye chaneli yako. Tazama saa za fremu hizo: zikilingana na nyakati ambazo hukubonyeza chochote, jibu umelipata. Mstari wa kumalizia wa Derby huwa na msitu wa kamera za rimoti kama hizi, na njia pekee ya amani ni kuulizana chaneli asubuhi, kila mmoja akaandika zake. Anayeona hilo ni kupoteza muda huwa ndiye wa kwanza kulalamika jioni.

Ilipiga, lakini farasi hawamo, au yumo mkia tu

Farasi wa mbio akimaliza hukaribia kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16 na ushei kila sekunde. Chukua lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya kihisi kikubwa, iliyotazama njia ubavuni, na farasi akapita mita tatu mbele yake. Upana unaoonekana hapo ni mita nne na nusu. Farasi anaukata kwa robo sekunde hivi. Kamera ya fremu 20 kwa sekunde itakupa fremu tano, na kati ya hizo labda mbili ndizo zenye kichwa na kwato mahali panapofaa. Ukigeuza kamera iwatazame wakija, unapata muda zaidi, lakini farasi huwa mdogo mpaka dakika ya mwisho kisha anajaa ghafla na kutoka.

Fremu zote zikionyesha njia tupu halafu zinakatika kabla ya farasi kufika, ulibonyeza mapema mno na bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya kamera, ikajaa. Kamera ikawa inamimina data kwenye kadi badala ya kupiga. Kadi ya kasi zaidi husaidia. Kupiga JPEG kwenye kamera za rimoti husaidia zaidi, na sioni sababu ya kung'ang'ania faili ghafi (RAW) kwenye kamera ambayo kazi yake ni sekunde mbili. Kinyume chake, ukiona mikia na vumbi, ulichelewa. Kuchelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde ni zaidi ya mita moja na nusu.

Wanaochelewa au kuwahi mara nyingi ni wale wanaobonyeza rimoti huku jicho likiwa kwenye lenzi ya milimita 400 au 500 iliyotazama farasi usoni. Lenzi ndefu hubana umbali. Farasi aliye mita 60 kabla ya mstari na aliye mita 20 wanaonekana karibu sawa, na ukiwa ndani ya kitazamio huwezi kupima. Fumbua jicho la pili, au chagua nguzo fulani ya uzio kama alama yako: pua ya kwanza ikigusa hapo, unabonyeza. Alama hiyo uijaribu kwenye mbio za mchana. Kama ofisi imekutuma na mwenzako, mpe yeye kitufe cha rimoti asimame ubavuni mwa mstari, asifanye kingine chochote.

Picha haijatulia

Neno hili linabeba magonjwa matatu, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine. Kuza picha uitazame ardhi.

Ardhi, uzio na farasi vyote vikiwa vimevutika upande mmoja, kamera ndiyo iliyotikisika. Kwa kamera ya chini ya uzio hili hutokea sana: kwato zikipita, ardhi hutetema, na sahani nyepesi inayobeba kamera, isiyo na mfuko wa mchanga, hucheza. Ikazie kwa uzito, na kaza kichwa cha kamera mpaka kisogee kwa shida. Ardhi ikiwa kali kama wembe na farasi ametiwa ukungu, kasi ya shata ni ndogo. Ardhi ya mbele au ya nyuma ikiwa kali na farasi amelegea, tatizo ni fokasi, na kuongeza kasi ya shata hakutakusaidia hata kidogo.

Kuhusu shata kuna jambo ambalo wanaotoka kwenye mpira wa miguu huwa hawalitarajii. Wanaweka 1/1000 ya sekunde, uso wa jokii (mpanda farasi) unatoka safi, shingo ya farasi safi, lakini kwato ni ukungu. Kwato haina mwendo mmoja. Ikiwa imekanyaga chini imesimama kabisa; ikiwa inarudishwa mbele hewani, inabidi ikimbie kuliko mwili wenyewe ili iutangulie. Ndiyo maana ndani ya picha moja unaweza kuona kwato moja kali na nyingine imefutika. 1/2000 ni mahali pazuri pa kuanzia, na kamera iliyo karibu sana na njia inahitaji zaidi ya hapo. Ukitaka ukungu wa makusudi, ule wa kufuatisha kamera na farasi kwa 1/30 au 1/60, ufanye kwenye mbio za mchana. Mhariri hatakushukuru kwa sanaa hiyo kwenye mbio kuu kama hana picha ya mshindi.

Fokasi imeshika kitu kingine

Kwenye kamera ya mkononi, tazama ni kitu gani kilicho kikali. Kama ni jukwaa au nguzo iliyo nyuma, eneo la fokasi lilikuwa pana mno na farasi akatoka ndani yake kwa muda. Kama ni farasi wa pembeni, kamera yenyewe iliamua kumfuata aliye karibu au mwenye uso ulio wazi zaidi. Utambuzi wa wanyama kwenye kamera mpya ni msaada mkubwa farasi akiwa peke yake. Ndani ya kundi la 20, wengine wamevalishwa vizibo vya macho na wengine wamepakaa tope usoni, hurukaruka kama panzi. Mimi huuzima kona ya mwisho na kurudi kwenye eneo dogo la fokasi, nikilielekeza kifuani mwa jokii na si kwenye kichwa cha farasi, maana kichwa hupanda na kushuka kila hatua.

Wala usimkazie macho aliye mbele pekee. Mwaka 2022 farasi Rich Strike, aliyepewa bei ya kamari ya 80 kwa 1, alijipenyeza upande wa uzio hatua za mwisho na kuwapita Epicenter na Zandon waliokuwa wakishindana. Aliyefuata wawili hao pekee kwenye kitazamio kilichobanwa angemwona mshindi akiwa ameshapita. Kona ya mwisho ikiisha, legeza ukubwa wa fremu kidogo.

Kwa kamera ya rimoti hesabu ni nyepesi. Lenzi ya milimita 24 kwenye tundu la f/8, ikiwekwa fokasi mita mbili na nusu hivi, kwa hesabu ya kawaida hushika kuanzia zaidi kidogo ya mita moja hadi mwisho wa upeo wa macho. Hujui farasi atapita karibu na uzio au katikati ya njia, kwa hiyo f/2.8, tundu pana linaloacha kina kidogo cha ukali, hapo ni kamari. Ukiona rimoti iliyokuwa kali asubuhi imelegea mchana, gusa pete ya lenzi: mara nyingi gundi iliyeyuka kwa joto la jua au pete ilisukumwa wakati wa kufunga mfuko. Gundi ipite juu ya pete zote mbili, ya fokasi na ya kukuza.

Farasi ni vivuli vyeusi

Hapa historia ya jengo inakueleza chanzo. Jukwaa la kwanza la Churchill Downs lilikuwa upande wa mashariki wa njia, na watazamaji wakawa wanachomwa macho na jua la alasiri. Jukwaa jipya, hilo lenye minara miwili, lilijengwa upande wa magharibi na kufunguliwa mwaka 1895. Mtazamaji akapona, mpigapicha aliye ndani ya uwanja akarithi ugonjwa. Ukiwa uzio wa ndani ukitazama minara, alasiri jua liko mbele yako, nyuma ya jukwaa, na kivuli cha jengo kinazidi kutambaa juu ya njia kadiri Derby inavyokaribia.

Sasa unaelewa kwa nini jaribio la asubuhi hudanganya. Asubuhi jua liko mgongoni mwako, minara inang'aa, kila kitu kinapendeza. Ukiacha vipimo vya saa hiyo kwenye rimoti, jioni utapata anga lililo sawa na majokii wasio na nyuso.

Kama mwanga unabadilika na kamera huifikii, funga kasi ya shata na tundu la lenzi, uache ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ijipange yenyewe ndani ya kikomo ulichoweka, kisha ongeza mwanga kidogo kwa fidia ili anga lisiidanganye kamera. Kiasi gani? Mbio za alasiri zitakuambia, kama utafanikiwa kutazama kadi au kama rimoti imeunganishwa na waya wa mtandao. Siku ya mawingu mazito suala hili hulegea, kwa sababu mwanga hutoka pande zote. Kwa kamera ya mkononi mimi sipendi ISO ya kujiendesha. Farasi mmoja hupita kutoka juani hadi kivulini kwa sekunde chache, na kofia nyeupe moja ya jukwaani inatosha kuivuruga kamera. Pima kivulini, pima juani, kumbuka ni mibofyo mingapi kati yao, na ugeuze kwa kidole.

Flashi usiifikirie. Hairuhusiwi, na farasi akishtuka kuna mtu juu yake.

Mistari kwenye picha, nguzo zimepinda

Shata ya kielektroniki. Kihisi kinasomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na wakati huo kitu chenye kasi kimeshasogea. Kwa hiyo miguu huonekana imechomekwa vibaya, na ukifuatisha kamera, nguzo za nyuma hulala. Vioo vya LED vilivyo nyuma navyo hutoa michirizi. Rudi kwenye shata ya mitambo, au tumia kamera ambayo kihisi chake husomwa chote kwa pamoja. Kama kelele ya shata ndiyo iliyokufanya uizime, kwenye uzio wa Derby hakuna atakayeisikia.

Kila kitu ni kikali, mwanga sawa, lakini farasi anaonekana kilema

Umepata hatua isiyopendeza. Farasi akienda shoti hukamilisha zaidi ya hatua mbili kila sekunde, na ndani ya kila hatua kuna mpangilio wa miguu unaoonyesha nguvu na mwingine unaomfanya aonekane amejikunja kama anayejikwaa. Picha ambazo mpigapicha Eadweard Muybridge alimpigia tajiri Leland Stanford kule Palo Alto, California, mwaka 1878 ndizo zilizoonyesha wazi kwamba farasi huwa hewani kabisa pale miguu yote inapokusanyika chini ya tumbo. Kabla ya hapo wachoraji walikuwa wakimchora ameinyoosha mbele na nyuma. Jicho la msomaji, nadhani, bado linapenda uongo ule wa wachoraji: mguu wa mbele ulionyooka kabisa ndio unaochaguliwa na wahariri karibu kila mara.

Kwa fremu 10 kwa sekunde unapata takriban fremu nne tu kwa kila hatua, na huenda zote nne zikaruka sehemu unayoitaka. Kwa 20 unapata nane hivi. Kama kamera yako ni ya polepole, usishikilie kitufe tu kwa muda mrefu. Sikiliza mdundo wa kichwa, uanze mfululizo kinaponyooka mbele.

Matope

Derby za 2018 na 2019 zilikimbiwa kwenye njia iliyolowa chapachapa. Rimoti yenye madoa ya tope mbele ya lenzi kwa kawaida huwa iliwekwa nyuma tu ya mahali kwato zinapokanyagia, ikitazama farasi wakiondoka. Kwato hurusha tope nyuma na juu, si mbele. Igeuze itazame wanaokuja, weka kizuia mwanga kirefu na kichujio kisicho na rangi, na kubali kwamba kamera hiyo ina mbio moja safi: mvua ikinyesha, usiichoshe kwa mbio za mchana ambazo hazina habari.

Picha nzima ikiwa na ukungu laini kama wa pazia, bila madoa, ni mvuke ndani ya mfuko. Plastiki iliyozibwa kote huvuja jasho jua likitoka. Acha upenyo chini.

Picha safi, lakini haina habari

Mwaka 1933 Brokers Tip na Head Play walimaliza bega kwa bega, na majokii wao, Don Meade na Herb Fisher, wakawa wanashikana na kuvutana wakiwa juu ya farasi. Wallace Lowry wa gazeti la Courier-Journal alikuwa amelala chini ya uzio wa ndani, na ndiye aliyepata ule ugomvi. Leo mtu haruhusiwi kulala pale. Kamera ndizo zinazolala. Lakini sababu ya kuwa pale haijabadilika: ni pembe inayoonyesha mikono ya majokii.

Pembe moja haitoshi. Mwezi mmoja baada ya Derby ya 1973, Secretariat alishinda mbio za Belmont Stakes kwa urefu wa farasi 31. Picha inayokumbukwa ya siku hiyo, ya Bob Coglianese, inamwonyesha jokii Ron Turcotte akigeuza kichwa kutazama ubao wa saa, na nyuma yake pengo tupu. Lenzi ndefu iliyomtazama Secretariat usoni ingempata farasi mzuri na kulipoteza pengo. Ukikuta kadi yako imejaa nyuso kali za farasi na hakuna hata moja inayoeleza ameshinda vipi, chanzo ni uchaguzi wa mahali pa kusimama na kubana fremu mno. Rimoti moja ipewe kazi ya upana: mstari, mshindi, wa pili, na watu nyuma.

Maelezo ya picha yamemtaja farasi siye

Rangi za mavazi ya jokii ni za mwenye farasi. Mwenye farasi akiwa na wawili kwenye mbio moja, usitegemee rangi pekee; tazama kofia na namba ya kitambaa cha tandiko. Siku ya tope hata hayo hupotea, kwa hiyo piga kila farasi akitoka kwenye paredi, mmoja mmoja, akiwa bado safi. Vifaa vya usoni, alama nyeupe ya paji, soksi nyeupe za miguu: hizo hubaki za kukulinganishia.

Kama picha yako inaonyesha farasi wa ndani yuko mbele na matokeo yanasema wa nje, usibishane. Kamera iliyo mbele ya mstari, chini, upande wa uzio wa ndani, humtukuza aliye karibu nayo. Kamera rasmi ya mstari wa kumalizia iko sambamba na mstari na hurekodi ukanda mwembamba huo tu, fungu kwa fungu la muda. Ndiyo iliyoamua mwaka 2024 kwamba Mystik Dan amemshinda Sierra Leone kwa pua, huku Forever Young naye akiwa pua nyuma yao.

Na kuna la 2019. Farasi Maximum Security alikuwa wa kwanza kuvuka mstari, waamuzi wakakaa kwa takriban dakika 22, kisha wakamwondoa kwa kuwazuia wenzake njia. Ushindi ukaenda kwa Country House, aliyekuwa na bei ya 65 kwa 1. Aliyekuwa ameshatuma picha yenye neno "mshindi" alilazimika kutuma marekebisho, na asiyekuwa na picha ya Country House akimaliza hakuwa na cha kurekebisha. Kabla ya matokeo kutangazwa rasmi andika "akiwa wa kwanza kuvuka mstari". Na usishushe kamera mshindi akishapita. Hesabu fremu za wa pili na wa tatu kama sehemu ya kazi.

Picha hazifiki kwa mhariri

Mtandao wa simu uliokwenda vizuri saa tatu asubuhi hukwama jioni kwa sababu umati wote unatuma video kwa wakati mmoja. Huo si ugonjwa unaotibika, ni wa kukwepwa: omba waya wa mtandao mapema, na ujaribu plagi ile ile utakayoitumia, kwa kamera ile ile, hadi faili lifike kwenye seva na mhariri alithibitishe. Plagi yenye taa inayowaka si lazima iwe na njia ya kutokea nje.

Faili zikiondoka na zisionekane upande wa pili, kagua majina. Kamera tatu za aina moja zinaweza kutoa majina yanayofanana, na seva ikafuta la kwanza kwa la pili. Ipe kila kamera herufi zake. Faili zikifika kwa mpangilio wa ajabu, ni saa: linganisha saa za kamera zote asubuhi, la sivyo picha ya rimoti itaonekana kupigwa kabla ya farasi kutoka getini, na mtu wa dawati atapoteza dakika za thamani akikuuliza.

Foleni ikiwa ndefu na inasogea taratibu, umetuma vyote. Kwenye kamera chagua fremu moja ya mstari, moja ya furaha ya jokii, moja ya upana; punguza ukubwa wa JPEG; tuma hizo tatu. Zikithibitishwa, ndipo ufungue zilizobaki.